Wagenya wa Kisangani: kila jiwe lina wenyewe

Mtu akifika Kisangani mara ya kwanza, hakawii kuulizwa: "Umeisha kuona Wagenya?" Wanamaanisha ile miti mirefu iliyosimama katikati ya maji makali, pembeni ya mji. Mgeni anaenda, anapiga picha, anatoa kitu kidogo, anarudi. Lakini ile miti haikusimamishwa ju ya picha. Ni chombo cha kazi, ni urithi wa familia, na nyuma yake kuko sheria ambayo haikuandikwa fasi yoyote. Ile sheria ndiyo inapata taabu siku hizi.

Watu wa mto

Wagenya, ao Waenya kama wengine wanavyosema, ni watu wa mto tangu zamani. Vijiji vyao viko kando ya Lualaba, toka upande wa Kindu mpaka Kisangani. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unapita maporomoko saba, kwa mwendo wa karibu kilometa 100, na unashuka karibu mita 60. Hapo mashua haipiti. Njo maana wakoloni walijenga reli ya kilometa 125 kati ya miji hiyo miwili, ikamalizika mwaka wa 1906. Baada ya poromoko la mwisho, lile la Wagenya, Lualaba inabadilisha jina: inakuwa mto Kongo.

Zamani, mwenye pirogi alikuwa mwenye njia. Mwaka wa 1871 Livingstone alikaa miezi kule Nyangwe akitafuta pirogi za kushukia mto, hakuzipata. Mwaka wa 1874 Cameron naye alishindwa pale pale. Stanley alipita maporomoko mwezi wa kwanza 1877, kwa vita, watu wake wakiburuta pirogi katika msitu. Mwisho wa 1883 akarudi kuweka kituo kwenye kisiwa karibu na maporomoko. Kituo kiliungua katika mapigano ya 1886, na mwaka uliofuata Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, akawekwa kuwa gavana wa pale. Kiswahili cha Kisangani kina mizizi katika misafara hiyo ya Waungwana, misafara iliyokuja na pembe, bunduki na utumwa. Leo lugha kubwa za mji ni Lingala na Kiswahili, na Wagenya wamebaki pia na lugha yao, Kigenya.

Mtego unafanya kazi namna gani

Kwenye poromoko, mawe yako na matundu ambayo maji yenyewe yalichimba. Wavuvi wanaingiza miti mizito ndani ya matundu hayo, wanaiegemeza mmoja kwa mwingine, wanaifunga kwa kamba za msitu kama kekele. Hawatumii misumari. Ju ya miti hiyo wananing'iniza vitunga vikubwa vyenye umbo la koni, mdomo mpana ukitazama maji yanakotoka. Samaki anasukumwa na nguvu ya maji mpaka ndani, kule kwenye ncha nyembamba, na hawezi tena kugeuka. Samaki wadogo wanapita katikati ya fito. Paka wakubwa ndio wanabaki.

Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, wanaume wanapanda ju ya miti, wanavuta vitunga. Mwingine anajitupa ndani ya maji kumtoa samaki. Mtu asiyezoea akianguka pale, maji yanamubeba. Kwa hiyo mtoto wa Mgenya anafundishwa kuogelea na kupiga kasia mapema sana.

Hiyo kazi mtu mmoja haiwezi. Kukata mti msituni, kuuleta kwa pirogi, kuusimamisha ndani ya maji yanayokimbia: ni kazi ya watu wengi wa ukoo mmoja, na ndio wanagawana samaki. Kisha, fasi ya kuvulia si ya kila mtu. Kila fasi kwenye mawe iko na ukoo wake, watoto wanairithi kwa baba zao. Mgeni hawezi kufika tu na kitunga chake na kukitundika.

Kutoka mtoni mpaka kwenye sahani

Samaki akitoka majini, kazi inaingia mikononi mwa wamama. Wengine wanauza mbichi palepale kandokando, wengine wanakausha kwa moshi ili asiharibike, kisha wanapeleka sokoni. Jioni, samaki huyo huyo utamukuta mjini ndani ya liboke, na lituma pembeni. Daftari za shule, dawa, sabuni, vyote vinangojea kitunga.

Vita navyo havikuwaacha. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Mto ulibaki, na watu wakarudi kwenye mawe yao.

Kinachosumbua leo

Shida ya kwanza ni miti. Mtego unataka miti mirefu na migumu, na maji yanaiozesha ao kuisomba, lazima kubadilisha. Lakini msitu wa karibu na mji umekatwa kwa mashamba, makala na mbao. Inabidi kwenda mbali, na kwenda mbali ni franka.

Shida ya pili ni nyavu. Kitunga cha Mgenya kinaacha samaki mdogo apite akakue. Wavu wa matundu madogo, sembuse chandarua cha mbu, unakamata hata yule ambaye hajazaa. Wavuvi wa poromoko wanaweza kuheshimu sheria yao yote, lakini samaki aliyemalizwa chini ya mto hatapanda mpaka kwao.

Shida ya tatu ni hesabu rahisi: familia zinaongezeka, mawe hayaongezeki. Kijana mwenye ndugu wengi anaona sehemu yake imekuwa ndogo, anatafuta kazi mjini, kwenye toleka ao moto. Huwezi kumulaumu. Lakini kila mikono inayoondoka, ni mikono inayokosekana siku ya kusimamisha mti. Na mti usiposimama, kitunga hakina pa kuning'inia.

Kwa hiyo, anayetaka kuwasaidia Wagenya asifikirie watalii tu. Aanze na mambo mawili: miti ipandwe na kulindwa, na sheria ya nyavu ifuatwe kwenye mto muzima. Mawe yenyewe hayaendi fasi.