Chama, Fei Toto na magunia ya alizeti ya Kibaigwa

KILA mwaka kati ya Juni na Agosti, katika soko la mazao la Kibaigwa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, huuzwa bidhaa za aina mbili. Ya kwanza ni mahindi na alizeti, ambayo hupimwa kwenye mizani. Ya pili haina mizani wala ushuru, nayo ni maneno ya usajili wa Simba na Yanga. Ligi imesimama, wachezaji wako mapumziko, na mkulima aliyemaliza kuvuna ana muda wa kukaa chini ya turubai la mama lishe akibishana mpaka chai ipoe.

Julai 2024 nilikuwa sokoni hapo kufuatilia mwenendo wa bei, kazi ambayo mchumi kilimo huifanya akiwa amesimama juani muda mrefu kuliko akiwa ofisini. Siku chache kabla, Julai mosi, Yanga walikuwa wametangaza kumsajili Clatous Chama, kiungo Mzambia aliyekuwa kipenzi cha Msimbazi. Kwa hiyo hapakuwa na aliyetaka kuzungumzia bei ya mahindi.

Waliokuwa wakivutana zaidi walikuwa wawili. Mmoja ni dalali kijana, Yanga wa kulia machozi. Mwingine ni mzee mmoja mkulima wa mahindi na alizeti kutoka kijiji cha jirani, shabiki wa Simba ambaye bado huwasimulia vijana habari za enzi za Sunderland.

"Mzee wangu, mwamba wenu kahama," dalali alianza.

"Kahama na magoti yake," mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Mmenunua maksai aliyekwisha lima."

Watu walicheka, lakini mimi niliona kuwa mzee amefanya hesabu ambayo sisi wachumi huandika kwa kurasa tatu. Chama alikuja Simba mwaka 2018. Mwaka 2021 Simba waliwauzia RS Berkane ya Morocco, na Januari 2022 wakamrudisha. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 2024 alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 33. Mchezaji wa aina hiyo ni mchezaji huru, hivyo klabu anayotoka haipati hata senti moja ya uhamisho. Klabu anayokwenda nayo hulipa fedha za kusaini na mshahara ikijua kwamba mkataba ukiisha hakutakuwa na mnunuzi. Ni kama trekta lililofikisha saa zake: litalima, ila halitauzika.

Dalali hakukubali. "Mzee, kama maksai huyo atalima ekari zote msimu huu na mavuno yakapatikana, hasara iko wapi? Mimi nanunua gunia leo nauza Ijumaa. Sina haja ya kujua litakuwaje mwakani."

Na hapo ndipo ubishi wa usajili unapowachanganya wengi. Mzee alihesabu kama mwenye shamba na dalali alihesabu kama mfanyabiashara wa mzunguko wa haraka. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa kalenda yake.

Simba nao mwaka huo walikuwa na sababu ya kufyeka shamba lote. Novemba 5, 2023 walifungwa na watani wao mabao 5-1, na msimu ulipokwisha walikuwa nafasi ya tatu, wakilingana na Azam kwa pointi 69 lakini wakizidiwa kwa tofauti ya mabao. Wakaondoka John Bocco, Saido Ntibazonkiza, Henock Inonga na Luis Miquissone. Wakaja akina Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala na kipa Moussa Camara, chini ya kocha mpya Fadlu Davids. Dalali alisema mbegu mpya hazijulikani mpaka mvua inyeshe. Kwa hilo sikumpinga.

Leo matokeo tunayo. Msimu wa 2024/25 Yanga walitwaa ubingwa kwa mara ya nne mfululizo, wakifunga kazi Juni 25, 2025 kwa kuwafunga Simba 2-0. Simba nao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako walishindwa na Berkane kwa kufungwa 2-0 ugenini na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar, huku Ahoua akiongoza kwa ufungaji kwenye ligi kwa mabao 16. Chama alikaa Yanga msimu mmoja, kisha akaenda Singida Black Stars. Maksai alilima, na mavuno yakapatikana. Na kweli hakuuzika.

Mkataba uliomnyamazisha mzee

Mazungumzo yalipogeukia suala la Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto, mzee alinyamaza. Kwa mtu aliyekuwa akijibu kila neno, ukimya ule ulinishangaza.

Wasomaji wengi wanakumbuka kisa chenyewe. Desemba 2022 Fei Toto, akiwa bado na mkataba na Yanga, aliandika barua ya kuuvunja. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, aliweka kwenye akaunti ya klabu Sh112 milioni, yaani Sh100 milioni za kuvunja mkataba na Sh12 milioni za mishahara ya miezi mitatu. Yanga walikataa, na Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, ikaamua kuwa bado ni mchezaji wao. Ikafuata miezi ya mivutano, pamoja na lile sakata la ugali na sukari lililovuma nchi nzima. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwataka Yanga walimalize jambo hilo, na siku chache baadaye mchezaji akaenda Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 katika ligi.

Vijana waligawanyika. Wengine walimwita msaliti, wengine wakasema mtu mwenye thamani ile kulipwa Sh4 milioni kwa mwezi ni kunyonywa. Mzee alisubiri dalali aondoke kwenda kupokea lori, ndipo akaniambia, "Mwanangu, mimi nilifanya kama Fei. Ila mimi sikuweka hela kwenye akaunti ya mtu."

Misimu miwili nyuma, kikundi cha wakulima alichokuwemo kiliingia kilimo cha mkataba na msindikaji wa mafuta ya alizeti. Kila mmoja alipewa mbegu chotara kwa mkopo. Mzee alipata kilo 10 kwa ekari zake tano, zenye thamani ya Sh350,000 za kukatwa wakati wa mauzo. Bei iliandikwa Sh800 kwa kilo. Alivuna magunia 40, kila gunia likiwa na kama kilo 65. Siku ya kukusanya haijafika, lori likaingia kijijini usiku na mnunuzi akataja Sh950. Mzee akapakia magunia 20, na mwenye mkataba akaambiwa mvua iliharibu.

Tuliandika hesabu nyuma ya pakiti ya sigara. Magunia 20 ni kilo 1,300. Kwa tofauti ya Sh150, usiku ule mzee alipata Sh195,000 za ziada. Si haba, ni ada ya mtoto.

Lakini wengi walifanya hivyo, na msimu uliofuata msindikaji hakurudi. Kikundi kizima kilifutwa, wakiwemo waliopeleka magunia yao yote. Mzee hakuwa na fedha taslimu za mbegu, akapanda punje alizobakiza kutoka mavuno ya chotara. Mkulima anajua kinachotokea hapo: mbegu chotara ikirudiwa hupoteza nguvu, mimea hutoka mirefu na mifupi, vichwa vikubwa na vidogo. Akapata magunia 22. Pungufu ya magunia 18 ni kilo 1,170, ambazo hata kwa Sh800 ni Sh936,000. Toa Sh350,000 za mbegu ambazo angekatwa, inabaki hasara ya Sh586,000 kwa ajili ya Sh195,000.

Nilimuuliza kama anamlaumu Fei Toto. "Simlaumu," akasema. "Yeye alikuwa na Azam anamsubiri. Mimi nilikuwa nasubiriwa na nani?"

Maoni yangu ni kwamba Yanga walikuwa na haki ya kisheria, lakini biashara yao ilikuwa mbovu. Mchezaji alikuwa amekua na mkataba haukukua naye. Msindikaji wa mzee alifanya kosa lile lile kwa kuandika bei moja wakati wa kupanda, kana kwamba soko litalala usingizi mpaka mavuno. Mkataba usio na kipengele cha kupitia bei upya unamwalika mwenye lori la usiku.

Kipengele chenyewe si kigumu. Bei ya chini iwe Sh800, na soko likipanda, wagawane nusu kwa nusu kinachozidi. Soko lilipofika Sh950, mzee angelipwa Sh875 kwa kilo zote 2,600. Ziada yake ingekuwa Sh195,000, yaani zile zile alizozipata usiku kwa kuvunja mkataba. Nilipomwonyesha alikaa kimya tena, kisha akaniomba nirudie hesabu polepole.

Kukopesha mzigo

Kuna funzo jingine la usajili ambalo wakulima wa korosho na kahawa hawahitaji kusimuliwa. Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi, Mganda, kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa Dola 300,000. Kwa kiwango cha wakati ule cha karibu Sh1,600 kwa dola moja, hizo zilikuwa kama Sh480 milioni. Mashabiki walishangilia bei. Mchezaji akaondoka, fedha hazikuja, na klabu ikalazimika kudai kupitia FIFA. Kabla mwaka haujaisha Okwi alikuwa amerudi nchini, akiwa amevaa jezi ya Yanga! Mzigo umeondoka ghalani, mnunuzi hajalipa, na jirani anautumia. Kilichowasaidia ni kuwa na maandishi na mahali pa kudai, vitu ambavyo anayekopesha kwa neno la dalali hana.

Maandishi hayo hayo yana faida hata kwa klabu ndogo. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa mauzo ya Dola milioni moja ni Dola 50,000 za kugawana, na asiye na kumbukumbu za usajili wa mtoto huyo huambulia kusikiliza redio.

Julai 2025 nilipita tena Kibaigwa. Safari hii ubishi ulikuwa Stephane Aziz Ki, aliyekuwa ameondoka Yanga kwenda Wydad, na kama Clement Mzize, kijana aliyekuzwa ndani ya klabu na kufunga mabao 14, auzwe sasa au asubiriwe. Mzee alisema auzwe angali bei iko juu. Dalali, ambaye mwaka uliotangulia hakujali ya mwakani, akataka asubiriwe.

Kabla sijaondoka mzee aliniita pembeni. Alikuwa na karatasi ya msindikaji mwingine, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Jina la kikundi lilikuwa limeandikwa, na idadi ya ekari pia. Sehemu ya bei ilikuwa haijajazwa. Akaniuliza kama nina kalamu.