Aina za Namba katika Python, na Fedha za Watu



Wengi wetu hapa Ndera tunaojifunza kuandika programu hudhani ya kuwa namba ni namba tu, na ya kuwa kompyuta ikishapewa hesabu haiwezi kukosea. Sivyo. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina aina tatu za namba zilizomo ndani yake, na kila aina ina kazi yake. Nimeona yafaa kuzieleza, maana baadhi yetu tutakapomaliza shule tutaombwa kuandika programu za fedha: za maduka, za vyama vya ushirika na za vikundi vya akiba.

Aina ya kwanza ni namba nzima, iitwayo "int", kama 7, 0 au -250. Katika lugha nyingine nyingi namba nzima ina ukomo. Ile ya biti 32, kwa mfano, haipiti 2,147,483,647. Ukiongeza moja tu, hesabu huharibika. Msidhani kiasi hicho ni kikubwa: bajeti ya mwaka ya wilaya moja ya Rwanda, kwa faranga, hukipita mara nyingi. Python haina ukomo huo. Namba nzima hukua kadiri kumbukumbu ya kompyuta inavyoruhusu.

Aina ya pili ni namba yenye desimali, iitwayo "float". Hii huwekwa katika biti 64, nayo hushika kwa uhakika tarakimu kama 15 tu. Hapa ndipo penye mtego. Ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2, haijibu 0.3, bali 0.30000000000000004. Sababu ni hii: sisi twahesabu kwa makumi, lakini kompyuta huhesabu kwa mbili-mbili, yaani kwa 0 na 1 peke yake. Kama sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi kwa desimali, 0.3333 na kuendelea, ndivyo nayo isivyoweza kumaliza kuandika sehemu moja ya kumi. Basi hukata mahali fulani, na hapo kosa huingia.

Mtu atauliza, kosa dogo namna hiyo lina hasara gani? Haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani ulishindwa kuzuia kombora la Iraq. Mtambo huo ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo sehemu ya kumi ilikuwa imekatwa ili itoshe katika biti 24. Baada ya saa 100 hivi bila kuzimwa, kosa lilifika theluthi ya sekunde. Askari 28 walikufa.

Aina ya tatu, "complex", ina sehemu mbili, kama 3+4j. Ni ya mafundi wa umeme na wanahesabu. Katika fedha hatuna haja nayo.

Sasa tutumie ipi? Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, faranga ya Rwanda haina senti, wala shilingi ya Uganda, wala faranga ya Burundi. Kwa hizo tumieni "int". Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina senti; basi hesabuni senti zenyewe kwa "int", hata shilingi 125.50 iwe 12550.

Jihadharini pia na kugawanya. Alama / hutoa "float" kwa namba hizi hata pasipo baki: 6 / 2 ni 3.0. Alama // hutoa namba nzima, na % hutoa baki. Wanachama watatu wakigawana faranga 100,000, kila mmoja hupata 33,333, na faranga 1 hubaki. Ni ya nani? Kompyuta haijui. Wanachama waamue kwanza, ndipo mwandishi wa programu aandike uamuzi wao. Programu isiyosema baki inakwenda wapi isikabidhiwe sanduku la watu.

Ninyi wanafunzi wa zamani mlioko katika mabenki na maofisi, tafadhali tuandikieni katika gazeti hili jinsi mnavyofanya huko, nasi tupate kujifunza.