Manowari Sebuleni

Kuunda meli ya mbao kunahitaji kisu kidogo, gundi na msasa. Kunahitaji pia mwenzi aliyeambiwa mapema kwamba jioni za miaka mitatu zinaombwa.

Mwenzi wako akirudi na sanduku refu, akalifungua juu ya meza ya chakula na kutangaza kwamba anataka kuunda meli, usicheke. Usiitikie haraka pia. Muulize: meli gani? Kuna mashua za mlingoti mmoja ambazo mtu anazimaliza kwa miezi michache. Halafu kuna De Zeven Provinciën. Ukisikia jina hilo la pili vuta kiti ukae, kwa sababu hapo kuna mazungumzo.

De Zeven Provinciën, yaani Majimbo Saba, ilikuwa manowari ya Waholanzi iliyoundwa Delfshaven, pembeni mwa Rotterdam, mwaka 1664 na 1665. Ilibeba mizinga 80 na watu zaidi ya 400. Urefu wake ulikuwa mita 46 hivi, upana mita 12. Jina lilitokana na majimbo saba yaliyounda jamhuri yao enzi hizo: Holland, Zeeland, Utrecht, Gelderland, Overijssel, Friesland na Groningen. Nembo za majimbo hayo zilichongwa nyuma ya meli, kwenye shetri, pamoja na simba wa jamhuri. Ndiyo meli aliyoipanda Michiel de Ruyter, admirali ambaye Waholanzi wanamheshimu mpaka leo, katika Vita vya Siku Nne vya mwaka 1666. Mwaka uliofuata aliongoza kundi la manowari lililokwenda Uingereza na kuingia Mto Medway. Huko Waholanzi walichoma meli za Waingereza zikiwa zimetia nanga, kisha wakaondoka na ile kubwa, Royal Charles, wakaikokota mpaka kwao. Hebu fikiria mtu anaingia uani kwako, anachoma pikipiki na kuondoka na gari! Mapambo ya shetri ya meli hiyo bado yako kwenye makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam.

(Neno lenyewe manowari, kwa taarifa yako, tumelirithi kwa mabaharia wa Kiingereza, maadui wakubwa wa meli hii. Lugha haina kinyongo.)

Kwa hiyo mtu anayetaka kuiunda upya mezani ana sababu zake. Tufanye basi hesabu ya nyumbani. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, mwili wa meli peke yake ni sentimita 92. Ongeza mlingoti unaochomoza mbele na umeshapita mita moja. Kuhusu muda, saa 1,000 kwa meli ya namna hii si ajabu. Mfanyakazi wa ofisini akijitahidi anapata saa sita kwa wiki: Jumanne saa mbili, Alhamisi saa mbili, Jumamosi saa mbili. Piga hesabu. Ni miaka mitatu na kitu, bila kuhesabu wiki za harusi, misiba na umeme kukatika.

Inavyokwenda

Kazi inaanza na mkuku, kisha mataruma, ambayo kwenye sanduku huja yakiwa yamekatwa tayari kutoka kwenye plaiwudi. Hadi hapo ni rahisi, unaona mifupa ya meli ndani ya wikiendi moja na unajiona fundi. Usidanganyike. Shughuli yenyewe ni kuvisha mbao. Ubao ni mwembamba kama rula, unene milimita moja na nusu hivi. Unauloweka, unaupasha moto ungali na maji, unaukunja polepole, unaubana kwa vibanio vya nguo mpaka ukauke. Kifaa cha kukunjia nywele kinafaa sana kwa kazi hiyo. Nunua chako, usiguse cha mwenzako. Omo ya meli za Kiholanzi ni nene na ya mviringo, kwa hiyo kila ubao unaofika huko lazima upunguzwe upana kwa kisu, la sivyo mbao zitapandana. Pande nazo zinainama kuingia ndani kadiri zinavyopanda juu. Na ukishamaliza ganda zima, ukalipiga msasa mpaka likawa laini, unaanza upya: juu yake linakuja ganda la pili, la mbao nyembamba zaidi na nzuri zaidi. Lile la kwanza halitaonekana tena milele. Wengi huchokea hapo, na sanduku linahamia juu ya kabati.

Tumbo la meli hizi ni bapa kuliko la meli za Kiingereza. Bahari na bandari za Uholanzi zina kina kifupi, meli yenye tumbo refu ingekwama. Ndicho kilichoikuta Royal Charles: walipoifikisha kwao ilikuwa inazama sana majini kiasi kwamba haikufaa kwa vita, ikawekwa iwe maonyesho, na mwaka 1673 ikauzwa kama chakavu.

Sasa, unaunda kwa kufuata nini? Hapo ndipo hobi hii inapokuwa tamu. Mafundi wa Uholanzi wa karne ya 17 kwa kawaida hawakuchora ramani ya meli. Walikuwa na mkataba wenye vipimo vikuu, urefu, upana, kina, na mengine yalikuwa ndani ya jicho na mkono wa fundi. Kule Amsterdam walianza hata na mbao za chini kwanza, mataruma yakaja baadaye. Aliyewahi kukaa na mafundi wa majahazi wa Lamu au Zanzibar atatabasamu hapo, kwani jambo hilo si geni kwao.

Kwa sababu hiyo, anayeunda De Zeven Provinciën leo anategemea sana michoro ya Willem van de Velde, baba, na mwanawe aliyeitwa jina hilo hilo. Yule baba alikuwa akipanda chombo kidogo na kwenda kuchora vita vikiwa vinapiganwa, karatasi mkononi, moshi wa mizinga pembeni. Kuna pia vielelezo vya zamani vilivyobaki. Kile cha William Rex, kilichotengenezwa Vlissingen mwaka 1698 kwa kipimo cha 1 kwa 12, kiko Rijksmuseum, na ni kikubwa kuliko magari mengi mnayoyaona Kariakoo.

Anna na admirali wake

Sasa tuongee ya ndani. De Ruyter alizaliwa Vlissingen mwaka 1607. Alikuwa ameshafiwa na wake wawili alipomwoa Anna van Gelder, mjane wa nahodha, Januari 1652. Pesa alikuwa ameweka. Mpango ulikuwa aachane na bahari, akae nchi kavu na mkewe. Mwaka huo huo vita na Waingereza vikalipuka, serikali ikamwomba. Akaenda. Aliendelea kwenda na kurudi kwa miaka 24. Tarehe 22 Aprili 1676, karibu na Sicily, risasi ya mzinga ilimjeruhi miguu, na tarehe 29 akafa. Hakuwa hata kwenye De Zeven Provinciën. Alikuwa kwenye meli nyingine, Eendracht.

Anna angalau alijua mumewe yuko wapi. Mwenzi wa muundaji wa leo ana shida ya aina nyingine. Mtu wake yuko hapo hapo, hatua tatu kutoka kwenye kochi, taa imewaka, kibano mkononi. Ukimsemesha anajibu "mmh". Ukimwambia mtoto ana homa anasema "ngoja gundi ishike". Huyo naye kaenda baharini, tofauti ni kwamba sahani yake bado iko mezani.

Wapo wanaojitetea, "Si bora meli kuliko baa?" Sikubaliani nao. Hakuna aliyewapa chaguo la vitu viwili tu. Jioni ya mume au mke ni mali ya watu wawili, na anayetaka kutumia saa 1,000 za mali hiyo aombe, kama anavyoomba pesa ya kununua kiwanja. Wanawake wanaounda meli wapo, na sheria ni hiyo hiyo kwao.

Mkishakubaliana, mambo yanakuwa mepesi ajabu. Meza isiwe ya chakula. Tafuta yake, hata ndogo, kwa sababu gundi lazima ikauke na chakula cha usiku hakiwezi kusubiri. Supagluu ina harufu kali na inashika vidole, kwa hiyo dirisha liwe wazi na watoto wadogo wawe mbali. Kupiga msasa kufanyike nje, barazani, na uvae kitambaa puani. Siku zijulikane. Anayekaa na wageni siku ya Jumapili akae nao kweli.

Halafu kuna kazi ambazo mikono minne ni bora kuliko miwili. Kukunja ubao ni mojawapo: mmoja anashika, mwingine anabana. Kupaka rangi zile nembo saba na simba wa shetri kunataka mkono mtulivu, na mara nyingi huo si mkono wa aliyenunua sanduku. Kushona bendera vilevile. Ila usimlazimishe mwenzio. Kuna anayefurahi kukaa karibu na kitabu chake huku mkipiga soga, naye anatosha kabisa.

Kazi moja haina msaidizi: kamba. Ngazi za kamba ambazo mabaharia walipandia milingotini zina vifundo zaidi ya elfu, na kila kimoja kinafungwa kwa kibano, uzi mwembamba kama wa kushonea shati. Aliyefika hapo ameshapita mwaka wa pili, hasira zimekwisha zenyewe. Ni kazi nzuri ya kufanya huku mwenzako akikusimulia yaliyomkuta ofisini, kwa sababu vidole vinafanya kazi na masikio yako huru.

Mizinga, meza, ratiba, vyote vikishapangwa, linabaki boksi la kioo. Bila hilo, wiki ya kwanza tu dada wa nyumbani atapitisha kitambaa cha vumbi kwa nia njema kabisa na mlingoti wa mbele utakwenda. Boksi la meli hii litakuwa na urefu wa zaidi ya mita moja, na kimo chake si mbali na hapo. Kabla ya kuliagiza kwa fundi wa vioo, pima mlango wa sebule. Pima na ngazi, kama mnaishi ghorofani.