Nani aliyetoa ruhusa?

Katikati ya Juni 1953, askari wa batalioni ya tano ya King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, waliingia Chuka, kati ya Meru na Embu, kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau waliodhaniwa kujificha katika msitu wa Mlima Kenya. Siku chache baadaye watu wasiopungua 20 walikuwa wameuawa. Wengi wao hawakuwa Mau Mau hata kidogo. Walikuwa homugadi, watu wa upande wa serikali ileile ya kikoloni iliyowatuma askari hao.

Naanzia Chuka kwa sababu ya swali linalozuka kila unyama unapotokea: je, ni dini inayomfanya mtu awe mnyama, au ndivyo binadamu alivyoumbwa? Katika mauaji ya Chuka hakuna aliyedai kuua kwa ajili ya Mungu. Basi, wanasema wengine, hayo ndiyo maumbile yetu. Mpe mtu bunduki na umwache porini, utaona. Lakini askari hao hawakuachwa tu porini. Afisa wao, Gerald Griffiths, alipofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na jeshi lilipojichunguza baadaye, mambo ya kambini yalianza kutoka nje. Kulikuwa na zawadi ya shilingi 5 kwa kuua. Kulikuwa na mbao za kuhesabia waliouawa, vikosi vikishindana. Na shahidi mmoja aliieleza mahakama kwamba Griffiths alimwambia anaweza kumpiga risasi yeyote amtakaye, mradi awe mweusi.

Hiyo ndiyo naiita ruhusa. Haikutoka mbinguni wala haikutoka kwenye damu ya mtu. Ilitolewa na mtu mwenye cheo, ikawekewa bei, ikaandikwa ubaoni. Griffiths aliachiliwa kwa shtaka la kwanza la mauaji, kisha mwaka 1954 akapatikana na hatia ya ukatili dhidi ya mateka na kufungwa. Kwa mauaji ya Chuka yenyewe hakuna aliyewahi kusimamishwa kizimbani, na hilo nalo ni sehemu ya ruhusa, kwa maana aliyebaki kambini aliona kinachosamehewa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alitumia miaka mingi kueleza jinsi mtu mwenye dhamiri timamu anavyoizima kwa muda. Anayeteswa huvuliwa utu kwanza. Jukumu husukumwa kwa mkubwa. Kitendo chenyewe hupewa jina jepesi: operesheni, nidhamu, usafi. Mwanahistoria Christopher Browning aliona hayohayo alipochunguza kikosi cha polisi wa akiba wa Kijerumani kilichotumwa Józefów, Poland, Julai 1942, kuwaua Wayahudi. Kabla ya kuanza, kamanda aliwaambia askari kwamba asiyejiona kuiweza kazi hiyo ajitoe. Kati ya watu wapatao 500, waliojitoa pale pale ni kama dazeni moja. Wengi wa waliobaki hawakuwa wakereketwa wa itikadi yoyote. Hawakutaka kuonekana waoga mbele ya wenzao.

Sikatai kwamba maumbile yamo. Hofu, kufuata kundi, utamu wa kumtawala mwenzako, vyote tumezaliwa navyo. Lakini kitu kilichomo ndani ya kila mtu kila siku hakiwezi peke yake kueleza kwa nini unyama ulitokea usiku huu na si usiku mwingine, shule hii na si ile ya ng'ambo ya mto.

Nasema shule kwa sababu ipo moja ambayo Meru haiwezi kuisahau. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito, Tigania, wavulana waliokuwa kwenye mgomo waliwavamia wasichana waliokataa kujiunga nao. Wasichana walikuwa wamejifungia pamoja katika bweni moja kwa hofu. Mlango ulivunjwa. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa, na 71 walibakwa. Shule hiyo ilikuwa ya Kikatoliki, na ilibeba jina la kijana ambaye mapokeo ya Kanisa yanasimulia kwamba aliuawa Namugongo mwaka 1886 kwa kushikilia imani yake na kukataa kuchezewa mwili na mfalme wa Buganda. Jina la mtakatifu halikuwachochea wavulana wale, wala halikuwazuia.

Lililonikera zaidi, na linanikera hadi leo, ni maelezo yaliyotolewa baadaye. Kiongozi mmoja wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakuwa na nia mbaya, walitaka tu kubaka. Ikasemwa pia kwamba ubakaji haukuwa jambo geni shuleni hapo. Tazama maneno hayo yanafanya kazi gani. Maumbile yametumika kama kibali: wavulana ni wavulana, ndivyo walivyo. Anayesema hivyo anafikiri anaeleza kisa, kumbe anarudia ruhusa ambayo watoto wale walikuwa wameisikia muda mrefu kabla ya usiku ule, kila mara msichana alipolalamika na jambo likaishia hapo.

Upande wa dini, kisa kilicho karibu nasi ni Shakahola, kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikuwa wakifunga hadi kufa ili, kama walivyoaminishwa, wakutane na Yesu. Hapa imani ilikuwa na nguvu ya kweli, na Mkristo mwenzangu anayesema haikuhusika hata kidogo anajificha. Lakini Biblia hiyohiyo imesomwa Kaaga, Chogoria na Kigari tangu enzi za wamisionari bila mama yeyote kumnyima mwanawe uji kwa sababu yake. Na hata Shakahola mahubiri hayakutosha. Madaktari wa serikali waliochunguza miili walikuta dalili za kunyongwa na kupigwa kwa baadhi yao, watoto wakiwemo. Ilibidi wawepo wa kuwashika waliotaka kula. Tena Mackenzie hakuwa mgeni kwa polisi. Alikuwa amekamatwa miaka kadhaa kabla ya hapo, na tena Machi 2023, akaachiliwa kwa dhamana.

Imani yaweza pia kuikataa ruhusa. Desemba 2015, karibu na El Wak, Mandera, wapiganaji wa al-Shabaab walilisimamisha basi na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Baadhi yao walikuwa wamewapa Wakristo vitambaa vya kichwa ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Waliosimamisha basi na waliokataa kujitenga wote walisema wanamwabudu Mungu mmoja kwa kitabu kimoja. Anayetaka kuelewa yaliyotokea barabarani siku ile hatatosheka na kuuliza dini yao.

Ndiyo maana naiona hukumu iliyotolewa hapa Meru Mei 27, 2013 kuwa na uzito kuliko mijadala mingi ya wanafalsafa. Wasichana walionajisiwa, wengine na jamaa zao wa karibu, walienda Mahakama Kuu wakisaidiwa na kituo cha uokoaji cha hapa mjini. Kesi hiyo ilikuja kujulikana kama ya wasichana 160. Hawakuwashtaki wanajisi. Waliwashtaki polisi kwa kupokea malalamiko yao na kutoyachunguza ipasavyo. Jaji J.A. Makau alikubaliana nao kwamba haki zao za kikatiba zilikiukwa, na kwamba uzembe wa polisi ulijenga mazingira ambamo mnajisi alijua hataguswa.

Jaji hakuingia kwenye swali la maumbile ya wanaume wa Meru wala mafundisho ya makanisa yao. Aliangalia polisi walifanya nini mtoto alipofika kaunta na kueleza yaliyompata, akaamuru malalamiko yale yachunguzwe upya, haraka na kitaalamu.