Mgeni anapotaka kuondoka na mtoto: karatasi zinazotangulia ndege

Msikilizaji wetu wa Piyaya, kwetu mtoto kulelewa nje ya boma alilozaliwa si jambo geni. Bibi hupewa mjukuu wa kumsaidia, na mama asiye na mtoto hulea wa mwenzake. Lakini mtoto anamjua mama yake, na boma lao likiwa na sherehe naye yupo.

Kuasili kunakotajwa kwenye sheria ni jambo jingine. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, haki za mzazi wa kwanza juu ya mtoto zinakatika na kuhamia kwa mzazi mpya. Mzazi wa awali hawezi tena kumdai, na hana kauli kuhusu wapi atasoma au nchi gani ataishi.

Raia wa kigeni anaruhusiwa kumwasili mtoto wa Kitanzania, ila njia ni ndefu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Mtalii aliyepita na gari kuelekea Serengeti, hata awe na moyo mwema kiasi gani, hana sifa hiyo. Ni lazima pia awe amemlea mtoto huyo kwanza chini ya macho ya afisa ustawi wa jamii, asiwe na rekodi ya uhalifu, na mahakama iridhike kwamba nchi yake itaitambua amri hiyo. Tena inatakiwa ionekane kwamba mtoto hawezi kupata malezi yanayofaa hapa hapa nchini. Anayetoa amri ni Mahakama Kuu. Barua ya mtendaji wa kijiji haitoshi, wala makubaliano chini ya mti, hata yakishuhudiwa na wazee kumi.

Baada ya amri, mtoto anaandikishwa RITA kwenye rejista ya walioasiliwa, anapata pasipoti Uhamiaji na viza kutoka ubalozi wa nchi anakokwenda. Hapo ndipo safari ya KIA inapoanza. Kwa wanaokwenda Marekani, tangu Februari 2001 mtoto aliyekamilishiwa kuasiliwa na raia wa huko, akiingia na viza ya uhamiaji, anakuwa Mmarekani pale pale anaporuhusiwa kuingia. Anapanda ndege Mtanzania, anatoka uwanja wa ndege wa huko akiwa pia raia wa nchi nyingine.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Tanzania haimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1993 wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi, kwa hiyo Marekani inapotoa viza kwa mtoto wa huku huuliza kama ni "yatima" kwa maana ya sheria yao. Maana hiyo si ya kwetu. Hata mtoto ambaye mama yake yu hai anaweza kuhesabiwa yatima, kama mama huyo amebaki peke yake, hana uwezo wa kumtunza, na ameandika kwamba anamwachia moja kwa moja aondoke nchini akaasiliwe. Karatasi hiyo ndiyo nzito kuliko zote, na kidole gumba kinatosha kuitia sahihi.

Yaliyotokea Uganda yanaonyesha uzito wake. Wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao watasomeshwa Kampala. Watoto wakawekwa kwenye makao, kisha mahakama zikatoa amri za ulezi ambazo zilitumika kuwatoa nchini wakaasiliwe ng'ambo. Familia moja ya Marekani ilimchukua msichana wa miaka sita ikiamini hana wa kumlea. Alipojifunza Kiingereza, aliwaeleza kwamba ana mama anayempenda. Mwaka 2016 walimrudisha kwa mama yake. Mwaka huo huo Uganda ilibadili sheria ili amri za ulezi zitolewe kwa raia wake tu, na Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja kuhusiana na mpango huo.

Mtoto yule aliweza kueleza habari yake baada tu ya kujifunza lugha ya wenyeji wake. Mtoto wa Piyaya anayejua Kimaa pekee angekuwa katika hali hiyo hiyo, kwenye kiti cha ndege, masikio yakimuuma ndege inaposhuka, na hakuna anayemwelewa.

Si kila mgeni ana nia mbaya. Wapo watoto waliotupwa au wasio na ndugu yeyote, na kwao familia ya kuasili, ya Kitanzania au ya kigeni, ni bahati kubwa. Ila wanaofuata sheria hawana haraka, na hawatakuomba usimwambie mtu.

Ukiletewa karatasi kuhusu mtoto wako, isomwe yote kwa lugha unayoielewa, na mtu uliyemchagua wewe. Uliza kama ni ya shule au ya kuasili, na ubaki na nakala. Afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Ngorongoro anapaswa kuijua habari hiyo kabla hujaweka kidole. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hupokea taarifa, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure.