Kuruta Ale Kiasi Gani?

Makuruta waanzao mbio tumewaona wa aina mbili: ajinyimaye chakula ili awe mwepesi, na ajazaye sahani mara mbili kwa kuwa amekimbia asubuhi. Wote wamekosea. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori zipatazo 350, ambazo hupatikana katika gramu 100 tu za unga wa mahindi. Basi nyongeza imtoshayo ni tonge kubwa la posho, wala si sahani ya pili. Mlo kamili uliwe muda wa saa mbili au tatu kabla ya mbio. Tukumbuke kuwa azimiaye kwa njaa hubebwa na wenzake, na kikosi kizima huchelewa.