Fahamu: Ukianguka kwenye ukumbi wa viatu vya magurudumu, nani analipa?

Katika jimbo la Michigan, Marekani, swali hili lina sheria yake tangu 1988. Anayeingia uwanjani na viatu vya magurudumu anahesabiwa amekubali hatari zilizo wazi na zisizoepukika za mchezo: kuanguka, kugongana na wenzake. Anatakiwa pia adhibiti mwendo, atazame mbele na ajue uwezo wake. Ukivunjika mkono kwa sababu mtoto wa mtu amekukatia njia ghafla, kumdai mwenye ukumbi ni kazi ngumu.

Lakini hiyo si kinga kamili. Mwenye ukumbi lazima abandike kanuni mahali zinapoonekana na afuate viwango vya usalama vya chama cha wenye kumbi hizo. Hapo ndipo mawakili huchimba. Soda iliyomwagika sakafuni ilifutwa? Viatu vya kukodi vilikaguliwa, au gurudumu lilikuwa limelegea tangu jana? Kupoteza mizani ni sehemu ya mchezo. Gurudumu kuchomoka, kwa maoni yangu, si sehemu yake hata kidogo.

Aliyeumia apige picha viatu kabla ya kuvirudisha. Vikishafika kaunta vinachanganywa na vingine, na ushahidi umekwenda.